Mama anaona vizuri, mbona wanataka kumpiga leza?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, yuko Tanga, na huu ni mwaka wa 11 tangu aambiwe ana kisukari. Mwezi uliopita kliniki ya sukari walimpeleka kwa watu wa macho. Wakamtia matone, wakampiga picha, kisha wakasema mishipa midogo ya jicho inavuja na mingine mipya imeanza kuota, kwa hiyo apigwe leza. Lakini mama anaona! Akivaa miwani yake anasoma Qurani na anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Majirani wanamwambia leza inapofusha, na kwamba mama mmoja wa mtaani alianzishiwa insulini tu akawa haoni tena. Naye mama wiki hiyohiyo kaandikiwa insulini. Sukari inafanya nini hasa ndani ya jicho? Na akikataa leza itakuwaje?

Jibu: Marahaba. Mama hasemi uongo, na waliompiga picha nao hawakukosea. Katika ugonjwa huu mambo hayo mawili hukaa pamoja kwa miaka, na hapo ndipo tunapopoteza macho ya watu wengi. Jicho linaloharibiwa na kisukari haliumi, haliwashi, halitoi machozi, halibadiliki rangi. Retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haina neva za maumivu. Tena sehemu tunayoitegemea kusoma na kutunga uzi ni kidoa kidogo sana katikati ya retina, kiitwacho makula. Uharibifu ukiwa pembeni na makula ikabaki salama, mtu anaweza kusoma herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho huku mishipa mipya imetanda nyuma ya jicho kama mizizi. Nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo mara nyingi. Wanaingia wakitembea wenyewe, wanashangaa kwa nini nimenyamaza ninapowatazama ndani.

Umeuliza sukari inafanya nini. Nitakueleza kwa urefu, maana mama akielewa hili, la leza halitamtisha tena.

Retina ni nyembamba, unene wake ni kama robo ya milimita, lakini ukilinganisha na uzito wake ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotumia oksijeni nyingi kuliko zote. Gizani hutumia zaidi kuliko kwenye mwanga, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Safu zake za nje hulishwa na mishipa iliyo nyuma yake. Safu za ndani hulishwa na mshipa mmoja tu, unaoingia jichoni pamoja na neva ya kuona, ukagawanyika matawi na vitawi mpaka kufikia kapilari. Kapilari hizo ni nyembamba mno. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 au 8, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Hata hivyo inabidi ijikunje ndipo ipite.

Sasa huo ukuta wa kapilari. Kwa kuwa kwenu ni Tanga, bila shaka umeona nyumba ya udongo ikijengwa: nguzo zinasimamishwa, fito zinafungwa, kisha udongo unakandikwa. Ukuta wa kapilari nao una fito zake. Kwa ndani kuna safu moja ya seli zilizobanana, hazipitishi kitu ovyo. Kuzunguka safu hiyo kuna utando wa kuishikilia. Na juu ya utando huo kuna seli zinazoukumbatia mshipa kwa nje, zinaitwa perisaiti. Hizo ndizo fito. Kazi yake ni kuushika ukuta usifure, na kusaidia kubana au kulegeza mshipa kulingana na damu inayohitajika. Retina imejaliwa perisaiti kwa wingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili, kama moja kwa kila seli ya ukuta wa ndani. Na kisukari kinapoingia, ni miongoni mwa seli zinazotangulia kufa.

Kwa nini? Seli ya msuli ina mlango wenye bawabu: sukari haiingii kwa wingi mpaka insulini ibishe hodi. Seli za mishipa ya retina hazina bawabu huyo. Sukari ya damu ikiwa 15, ndani ya seli nako sukari inapanda, upende usipende. Seli za figo na za neva zina udhaifu huohuo, ndiyo maana ukimkuta mtu jicho limeguswa, inafaa mkojo wake upimwe protini na miguu yake itazamwe.

Seli iliyozidiwa na sukari huisukumia njia za pembeni. Njia mojawapo huigeuza kuwa sorbitoli, na kazi hiyo hula akiba ambayo seli ingeitumia kujikinga na kemikali kali zinazozaliwa na oksijeni. Jambo la pili ni sukari kunata kwenye protini. Haihitaji kimeng'enya wala msaada wowote. Ni mmenyuko wa jamii ileile inayolipa ganda la mkate rangi ya kahawia tanurini. Tanurini ni suala la dakika. Mwilini ni suala la miezi na miaka. Hicho kipimo cha HbA1c anachopimwa mama kinategemea jambo hilohilo: kinahesabu sukari iliyonata kwenye hemoglobini, ile protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, jibu lake linatoa picha ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kwa hiyo mama akisoma HbA1c yake, ajue anasoma pia habari za kuta za mishipa yake.

Protini zilizonatwa na sukari hukakamaa na kushikana, utando wa kapilari unanenepa. Usidhani unene huo ni uimara. Ukuta unakuwa mnene na bado unavuja, kama ukuta uliokandikwa udongo juu ya udongo wakati fito za ndani zimeoza. Chembe nyeupe za damu nazo huanza kubandika ndani ya mshipa na kuuziba.

Fito zikishakufa, ukuta unafura mahali palipo dhaifu. Kwenye picha tunaona vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya pini. Kila kimoja ni kifuko cha kapilari iliyofura. Hiyo ndiyo alama ya kwanza tunayoweza kuiona kwa macho. Kisha vifuko vinavuja. Ikivuja damu, tunaona madoa makubwa zaidi. Yakivuja majimaji yenye mafuta, maji hunyonywa na mafuta hubaki yameganda kwa rangi ya njano. Majimaji hayo yakikusanyika kwenye makula, makula inavimba, na hapo ndipo mgonjwa huanza kulalamika: fremu ya mlango inaonekana imepinda, herufi zinakatika katikati, uso wa mtu unaonekana kama umefutwa. Kwa wenye kisukari cha ukubwani kama mama yako, uvimbe huu wa makula ndio unaopunguza uwezo wa kuona kwa watu wengi kuliko njia nyingine zote za ugonjwa huu.

Wakati baadhi ya kapilari zinavuja, nyingine zinaziba kabisa. Eneo zima la retina linabaki bila damu, na retina yenye njaa hainyamazi. Inatoa kemikali ya kuomba mishipa mipya. Mwaka 1948 daktari Isaac Michaelson alikwisha kuhisi kwamba lazima kuna kitu cha aina hiyo, ila hakikuwa na jina. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake kule California wakaitenga protini iitwayo VEGF, na mwaka 1994 Lloyd Aiello na wenzake wa Boston wakaonyesha kuwa imejaa ndani ya macho ya wagonjwa wa kisukari ambao mishipa mipya inaota. Miaka 46 kutoka dhana mpaka kipimo.

Ungedhani mishipa mipya ni habari njema, mwili unajitibu. Kwa bahati mbaya mishipa hiyo haiendi kule kwenye njaa. Inaota juu ya retina, inaingia kwenye ute mzito unaojaza jicho, na kuta zake hazina fito za kutosha. Siku moja mtu anainama kuokota kitu, au ameamka tu asubuhi, anaona masizi yakielea mbele ya jicho, au utando wa buibui, au moshi mwekundu. Mshipa umepasuka. Pengine damu itanyonywa yenyewe, pengine hapana. Mishipa hiyo pia hujenga makovu, makovu yakajikunyata na kuivuta retina mpaka ikabanduka. Na ikiota mbele, kwenye sehemu ya rangi inayozunguka mboni, huziba njia ya maji ya jicho, presha ya jicho ikapanda kwa maumivu makali. Hiyo ndiyo hatua ambayo jicho huuma. Nikimpokea mgonjwa wa kisukari jicho linauma hivyo, nasikitika sana, kwa sababu mara nyingi kilichobaki kuokoa ni kidogo.

Mama yako, kwa maneno uliyoandika, amefika kwenye mishipa mipya lakini haijapasuka. Ukiniuliza ni wakati gani hasa leza ina faida kubwa, nitakujibu ni huu.

Umeuliza akikataa itakuwaje. Swali hilo lilijibiwa Marekani miaka ya 1970 kwa utafiti wa wazi kabisa: mgonjwa mmoja, jicho moja likapigwa leza, jingine likaachwa. Kwa macho yaliyokuwa kwenye hatari kubwa, baada ya miaka miwili asilimia 26 ya yaliyoachwa yalikuwa yamepoteza uwezo wa kuona kwa kiwango kibaya sana, dhidi ya asilimia 11 ya yaliyotibiwa. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1976 iliruhusiwa yale macho yaliyoachwa nayo yatibiwe. Nakupa hesabu hizi zote mbili makusudi. Asilimia 11 si sifuri. Atakayekuambia leza ni dhamana kamili, usimwamini.

Leza inafanyaje kazi? Fikiria mtaa wenye mgao wa maji. Ukifunga mabomba ya bustani, maji machache yaliyopo yatafika jikoni. Leza hupigwa pembeni mwa retina, vidoa mia kadhaa mpaka zaidi ya elfu moja, kwa kawaida katika ziara kadhaa. Kila kidoa kinaua seli chache zinazokula oksijeni nyingi. Njaa inapungua, VEGF inashuka, mishipa mipya inanyauka. Makula haiguswi. Gharama ipo na ni haki ya mama kuambiwa: anaweza kuona kwa shida zaidi jioni na gizani, na upana wa kuona pembeni unaweza kupungua. Wengine huhisi kama kuchomwa sindano wakati wa kupigwa. Makula pia inaweza kuvimba kidogo baadaye, ndiyo maana ataitwa tena.

Maneno ya kwamba leza inapofusha hayakuzuka bure. Watu wetu wengi hufika jicho likiwa limeshajaa damu au retina imeanza kuvutwa. Wanapigwa leza, ugonjwa unaendelea na njia yake, mtaani wanasema: aliingia anaona kidogo, akatoka haoni. Leza hulinda kilichopo, haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. Aliye na cha kulinda ni mtu kama mama yako.

Pengine watamtajia sindano za jicho pia. Hizo ni dawa zinazoikamata VEGF: bevacizumab, ranibizumab, aflibercept. Ya kwanza ilitengenezwa kwa saratani ya utumbo mpana, ikaruhusiwa Marekani mwaka 2004, madaktari wa macho wakaona faida yake, na tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya jicho. Jicho hutiwa ganzi kwanza. Wengi huniambia hofu ilikuwa kubwa kuliko maumivu. Kwa makula iliyovimba na kupunguza uwezo wa kuona, sindano ndiyo chaguo la kwanza. Kwa mishipa mipya nayo inafaa, ila inataka kurudi kila mwezi mwanzoni, na mgonjwa akipotea miezi kadhaa mishipa inaweza kuota tena kwa kasi mbaya. Mtu anayehesabu nauli na siku za kuacha biashara, mimi humshauri leza iwe msingi, sindano ziongezwe zikihitajika. Kuna wenzangu wa nchi zenye bima kwa kila mtu watakaoanza na sindano, na kwa mgonjwa wao wana haki.

Nije kwenye insulini, maana hili ndilo linaloniuma zaidi. Nimeona watu wakiificha insulini kabatini kwa sababu ya maneno haya, wakaja baada ya mwaka wakiongozwa na wajukuu.

Kwetu insulini mara nyingi huandikwa baada ya vidonge kushindwa, yaani miaka 10 au 15 ya sukari ya juu. Jicho limeharibika katika miaka hiyo. Insulini inafika mwisho, inakuta nyumba inafuka moshi, inaitwa mchomaji. Kisha lipo jambo la lenzi: sukari ikishuka upesi, maji ndani ya lenzi ya jicho hubadilika na mtu huona ukungu kwa wiki kadhaa. Huisha wenyewe. Mama likimtokea asikimbilie kununua miwani mipya. Asubiri wiki sita hivi, la sivyo atanunua miwani mara mbili. Ila ukungu wa ghafla, masizi au pazia jeusi ni jambo jingine, aende siku hiyohiyo.

Na kuna ukweli mmoja ambao sitamficha. Mtu aliyekaa na sukari ya juu miaka mingi, ikishushwa kwa kasi, ugonjwa wa retina unaweza kuzidi kwa muda. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, DCCT, uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza na kutoa majibu mwaka 1993, uliliona hilo: katika mwaka wa kwanza retina ilizidi kuharibika kwa asilimia 13 hivi ya waliodhibitiwa sukari kwa nguvu, dhidi ya asilimia 8 hivi ya wengine. Lakini usiishie hapo kama wanavyoishia majirani. Miaka ilivyokwenda, wale waliodhibitiwa, HbA1c yao ikiwa karibu 7 badala ya 9, ndio waliofaidika: kwa walioanza na retina safi, hatari ya kupata ugonjwa ilipungua kwa asilimia 76, na kwa waliokuwa nao tayari, kuendelea kwake kulipungua kwa asilimia 54. Waliendelea kufuatiliwa baada ya utafiti kumalizika, na hata pale sukari za makundi mawili zilipokaribiana, wale wa kwanza waliendelea kuwa na macho bora kwa miaka. Mishipa ina kumbukumbu, ya mabaya na ya mazuri.

Kwa mama yako maana yake ni moja: insulini ianze, leza isicheleweshwe, na daktari wa sukari ajue kilichoonekana kwenye picha ili ashushe kwa hatua. Mwombe mama aipeleke karatasi ya kliniki ya macho kwenye kliniki ya sukari kwa mkono wake. Usitegemee ofisi mbili zitaambiana zenyewe.

Kisha presha, ambayo watu huisahau kabisa wakizungumzia jicho. Kuta ambazo fito zake zimekufa haziwezi kuhimili msukumo mkubwa. Utafiti wa Uingereza, UKPDS, ulitoa majibu mwaka 1998: watu wenye kisukari cha ukubwani na presha, wastani wao ukashushwa hadi 144/82 badala ya 154/87. Tofauti ya pointi 10 tu juu. Kuzidi kwa ugonjwa wa retina kukapungua kwa asilimia 34, na kupoteza uwezo wa kuona kukapungua kwa asilimia 47. Uliza presha ya mama ni ngapi, na kama dawa anazimeza kila siku au anazimeza kichwa kikimuuma tu.

Majani, mlonge, asali ya kudondoshea jichoni: hakuna hata kimoja kinachofika kwenye retina na kukausha mshipa mpya. Asali na vitu vingine vya kudondoshea vinaweza kuleta kidonda mbele ya jicho, tukawa na matatizo mawili.

Nawe pia, na ndugu zako. Katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012, asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 walikutwa na kisukari, na kwa mtoto wa mwenye kisukari hatari iko juu zaidi. Kisukari cha ukubwani hukaa kimya miaka kabla ya kugunduliwa; kule Uingereza zaidi ya theluthi ya wagonjwa wa UKPDS walikuwa na dalili kwenye retina siku walipogunduliwa. Kwa hiyo mwenye aina hiyo hupimwa macho mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka. Aliyepata aina ya kwanza huanza ndani ya miaka mitano. Mwenye kisukari akishika mimba apimwe mapema, kwa sababu ujauzito huuharakisha ugonjwa huu.

Siku ya leza mama anywe chai, ale, ameze dawa na achome insulini kama siku zote. Hakuna haja ya kukaa na njaa. Achukue miwani yake na dawa zake zote. Mmoja wenu amsindikize, kwani matone ya kupanua mboni yatamfanya aone ukungu kwa saa kadhaa na jua litamchoma macho. Kofia au miwani ya jua itamsaidia njiani. Kabla hajakaa kwenye mashine, muombe daktari amwonyeshe ile picha ya retina yake na amnyooshee kidole mishipa mipya ilipo. Ana haki ya kuiona.